Viti Sita vya Fundi

Viti vilihama asubuhi ya Alhamisi, kimoja kimoja, miguu juu, vichwani mwa wasichana wawili waliokuwa wakicheka njia nzima. Njia yenyewe haikuwa ndefu. Ukitoka kwa fundi cherehani unapita shimo la udongo, unazunguka tanuri la matofali, umefika. Vilikuwa viti sita vya mbao, vyenye mito iliyoshonwa kwa mabaki ya magauni ya watu, na chini ya kila kimoja fundi alikuwa amechonga alama ya mkasi kwa ncha ya kisu, ili siku ya shughuli visichanganyike na vya wengine.

"Chukueni na saa," fundi alisema, mdomo umejaa pini. "Nyumba ya msomi haikosi saa. Na ile chupa ya chai. Na vitambaa. Msije mkasema kesho jirani alikuwa na roho ya korosho."

"Sasa wewe mama mdogo utakalia nini?" aliuliza yule msichana mrefu.

"Mkeka haujafa, mwanangu. Mimi siku yangu Jumatatu. Jumatatu mtanirudishia vyote, na mama yako atakuja kunipikia chai mimi."

Msichana huyo mrefu shuleni walimwita Wembe, kwa sababu ya hesabu. Jina lilimganda mpaka nyumbani, hata baba yake akalizoea. Yule mwingine, binti wa fundi, Wembe alimwita Pacha. Hawakuwa pacha wala ndugu. Walizaliwa wiki moja, wakapokelewa na mkunga mmoja, na siku mama yake Wembe alipougua homa ya uzazi ni fundi aliyewanyonyesha wote wawili. Tangu hapo nyumba zile mbili ziliishi kwa kuazimana. Leo chumvi, kesho jembe, keshokutwa moto wenyewe kwenye kigae.

Na sasa wote wawili walikuwa wamefaulu kwenda sekondari ya bweni. Wembe wa kwanza, Pacha wa pili. Kufaulu ni jambo moja, kwenda ni jingine. Palikuwa na mfuko wa ufadhili uliosomesha mtoto mmoja tu kutoka kila kijiji, miaka minne, karo, vitabu, daftari, chakula. Mwalimu mkuu alikuwa amewaambia wazazi kwamba watu wa mfuko watapita nyumbani, kwa Wembe Alhamisi, kwa Pacha Jumatatu. Hakusema wanakuja kutafuta nini. Alidhani linajulikana.

Kwa mama yake Wembe nalo lilijulikana, ila kwa namna yake. Mwaka juzi kikundi cha kukopeshana kilikuja kumkagua kabla ya kumwingiza uanachama. Wanawake watatu na daftari. Walichungulia ndani, wakaona kitanda cha kamba na mafiga, na mmoja akauliza, "Sasa dada, utaweka nini rehani? Majivu?" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama hakuingizwa. Tangu siku hiyo alikuwa na elimu yake moja ambayo hakuna mwalimu angemwondolea: mtu akija kwako na karatasi, anakuja kuona una nini. Ukiwa huna kitu, huandikwi.

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo," baba alimtania, akiwa ameegemea mlango na kuwatazama wakipanga viti.

"Wewe nenda ukanawe huo udongo," mama alimjibu. "Mchoma matofali mzima unaishi nyumba ya fito, halafu unanipa methali."

Hilo lilikuwa kweli. Nusu ya nyumba za matofali kijijini zilitoka mikononi mwa baba, na yake mwenyewe ilikuwa ya fito na udongo. Mfinyanzi hulia gae. Lakini safari hii alikuwa amefanya jambo. Alikuwa amempelekea fundi bati mkokoteni mzima wa matofali, akarudi na sanduku la bati la kuendea shule, jipya, lenye kufuli. Na kwa rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki kwenye kopo la mtu, alikuwa ameandika juu ya kifuniko jina la Wembe, lile la kwenye cheti, herufi kubwa kubwa, ya mwisho ikibanana kidogo kwa kukosa nafasi. Aliandika hata kabla majibu hayajatoka. Alikuwa na uhakika hivyo.

Asubuhi ile mama alilisukuma sanduku katikati ya chumba, akalitandika kitambaa cha fundi cha kudarizi, akaweka chupa ya chai juu. Likawa meza, na nzuri kweli.

*

Wageni walikuwa watatu: mama mmoja mwenye miwani, kijana wa karatasi, na dereva aliyebaki nje akizunguka gari kutazama magurudumu. Waliketi. Mama yake Wembe alisimama, kwa sababu mwenyeji hakai mgeni akiwa hajatulia. Moyo wake ulikuwa umetulia kabisa. Aliwaona wanavyoegemea, aliona yule kijana anavyopapasa mto kwa kiganja na kusema, "Mto mzuri," akajisikia mtu.

"Tunauliza maswali machache tu, mama," alisema mama mwenye miwani. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Mna viti vingapi?"

"Sita."

"Meza?"

"Hiyo hapo."

"Saa ya ukutani ninaiona." Saa ya fundi ilikuwa inasema saa nane na robo. Ilikuwa ikisema hivyo tangu miaka mitatu iliyopita. "Chupa ya chai, ipo. Hivi vyote ni vyenu?"

Wembe alikuwa amesimama kwenye pembe na trei ya vikombe. Alimwona baba akimtazama mama. Baba alifungua mdomo, kisha akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na haja ya kuwapo. Kwa mtu wa kwao, kumwambia mgeni kwamba kiti anachokalia ni cha kuazima ni sawa na kumwambia asimame.

"Ni vyetu," mama alisema. "Tunajitahidi. Hatujambo."

Kijana aliweka alama. Wembe alikuwa karibu, aliiona kalamu ikishuka na kupanda, vyema, vyema, vyema, kama mwalimu anayesahihisha kazi ya mtoto mwenye akili. Alifurahi. Wembe wa watu, aliyejua kugawanya sehemu kwa sehemu bila karatasi, alizihesabu zile alama moyoni na kufurahi.

Mwishoni kijana alitoa kidau cha wino. "Unajua kuandika, mama?"

"Hapana, mwanangu."

Akamshika kidole gumba, akakizungusha kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi mwenyewe, kama mtu anayebandika stempu. Mama alikificha kidole kwenye mkunjo wa nguo. Hiyo ndiyo aibu pekee aliyoihisi siku ile.

Wageni walipoinuka, mama mwenye miwani alitazama orodha yake. "Na huyu wa pili, wa fundi cherehani, ni mbali?"

"Mbali wapi! Hapo nyuma ya tanuri."

"Basi tumalize leo leo. Jumatatu kurudi huku ni mafuta bure."

"Wembe!" mama aliita kwa sauti ya mtu mwenye mali. "Wasindikize wageni kwa mama mdogo wako."

Fundi alikuwa ameketi mkekani akikunja nguo za wateja. Cherehani yake ilikuwa njia panda, kwenye baraza la duka alikofanyia kazi. Ndani hamkuwa na kitu. Kuta zilikuwa na misumari mitupu, na sakafuni palikuwa na alama ishirini na nne za miguu ya viti kwenye vumbi, ambazo hakuna aliyezitazama ila Wembe. Wageni walikaa mkekani kwa shida, magoti juu. Mama mwenye miwani aligeuza shingo kulia, akageuza kushoto.

"Huna hata kigoda, mama?"

Fundi alimtazama Wembe aliyesimama mlangoni. Kisha akatazama mikono yake.

"Kama mnavyoona," alisema.

Wembe alimwonea huruma sana. Alijipenyeza mpaka pembeni mwake, akainama, akanong'ona, "Mama mdogo, nikimbie nilete viti? Ni dakika moja."

"Acha, mwanangu," fundi alinong'ona. "Wameshakaa."

*

Wiki tatu baadaye mwalimu mkuu aliwaita wote ofisini, wasichana na mama zao. Ofisi ilikuwa na kiti kimoja, akakikalia mwenyewe. Alisoma barua mara moja kimya, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kisha akasoma jina la Pacha.

Wembe alisubiri. Alidhani majina yanasomwa mawili. Alikaa na tabasamu la kumpongeza mwenzake usoni, akisubiri la kwake, na mwalimu akakunja barua.

"Mwalimu, umesahau ukurasa," alisema mama yake Wembe.

"Hakuna ukurasa mwingine, mama."

"Wangu ni wa kwanza. Wewe mwenyewe ulisema. Ulisimama pale mbele ya watu ukasema huyu ni wa kwanza."

"Alama ni zake. Hakuna aliyemnyang'anya." Mwalimu alifungua jalada. "Ila mfuko huu ni wa watoto wa kaya zisizojiweza, mama. Hapa wameandika: viti sita vya mito. Meza. Saa ya ukutani. 'Hali ya kaya ni ya kuridhisha.' Na hapa kwa mwenzako wameandika: 'Hakuna samani yoyote. Wanakaa chini.'"

Nje watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakiimba herufi. Wembe alihisi masikio yake yamezibwa na pamba. Aliona mdomo wa mwalimu ukiendelea kwenda, akaona fundi amekaza macho kwenye kidole cha mguu wake kilichotokeza kwenye ndala, akamwona Pacha ameweka mkono mdomoni. Hakulia. Kulia ni kwa mtu anayeelewa. Yeye alikuwa bado anahesabu: viti sita, toa sita, sawasawa na nini?

"Wangapi wanaojua viti vile ni vya nani?" mama alisema hatimaye, taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe.

Fundi alikuwa tayari ametoka. Alimshika binti yake mkono na kutoka bila kuaga.

"Mwalimu," mama alisema, na sasa alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, "viti si vyangu. Ni vya fundi. Vina alama ya mkasi chini, kavipindue uone. Saa ni yake, haitembei hata. Meza ni sanduku. Niliazima. Nilitaka wageni wakae vizuri."

Mwalimu mkuu aliweka barua mezani. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulionyesha kwamba anataka kucheka na anataka kulia, na vyote viwili vimemshinda.

"Mama, nani alikutuma ujipambe? Walikuja kuona umaskini!"

"Hukuniambia."

"Hilo nalo ni la kuambiwa?"

"Waliokuja mwaka juzi walitaka kuona vitu! Sikuwa na vitu wakanicheka. Sasa na hawa nao wanataka nisiwe navyo? Mimi nitawajuaje, mwalimu? Wote wana karatasi!"

Mwalimu aligeuza jalada upande wa mama, akaweka kidole chini ya alama ya wino. Duara dogo jeusi lenye mistari, kidole gumba cha mama, kikiwa kimetulia pale kama kimelala.

"Hiki ni chako?"

"Changu."

"Juu yake pameandikwa: 'Nathibitisha maelezo haya ni ya kweli.' Na chini yake pameandikwa, nisikilize vizuri, kwamba ukibainika uongo wowote kutoka kaya yoyote, kijiji kizima kinafutwa kwa miaka mitano. Nikipeleka habari ya viti, nitakuwa nimewaambia wewe ulidanganya, na fundi naye alidanganya. Hawatampa wako. Watampa mtoto wa kijiji kingine."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijasikia ulichosema leo. Nenda nyumbani, mama."

*

Mama hakwenda nyumbani. Alikata njia ya shimo la udongo, Wembe nyuma yake akikimbia nusu, na hakupiga hodi.

Viti sita vilikuwa mahali pake, vimepangwa ukutani. Saa ilikuwa kwenye msumari wake, saa nane na robo. Fundi aliinuka haraka.

"Karibuni. Kaeni, jirani."

Mama alivitazama viti kimoja baada ya kingine. Kisha akakaa chini, kwenye sakafu tupu, akakunja miguu. Wembe naye akakaa chini. Fundi alisimama kitambo, halafu naye akashuka, na wanawake wawili wakawa wanatazamana wakiwa chini, katikati ya viti vitupu.

"Ulijua," mama alisema.

"Naapa sikujua. Waliingia hata nguo sijamaliza kukunja. Yule mama akatazama huku na huku, akasema 'maskini', hivi, kwa huruma. Mimi sijawahi kuhurumiwa na mtu mwenye gari. Nilipomwona anaandika ndipo nikaelewa anaandika nini."

"Na ulipoelewa?"

Fundi aliokota pini sakafuni.

"Ungesema viti viko kwa jirani."

"Na wewe ungesema viti ni vya jirani."

"Mimi niliona aibu!"

"Na mimi nilimwona mwanangu." Fundi alianza kulia, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya kitenge cha mteja. "Ulitaka nifanye nini? Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, jirani. Nilijua ni wa kwako tu. Kwa moyo mmoja nilikupa viti. Nilikuwa nimeshamwambia huyu wangu, wewe utajifunza cherehani, mwenzako ana akili. Halafu mlango unafunguka wenyewe, mbele ya macho yangu. Niufunge?"

Mama aligeukia ile saa ukutani.

"Twende," fundi alisema ghafla, akasimama. "Twende sasa hivi kwa huyo mwalimu, niseme yote. Lakini nawe unasema yako. Watatufuta wote wawili, na usije kunililia hapa. Sema. Ukisema twende, tunakwenda."

Pacha alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani. Alikuwa ameshika sketi ya bluu iliyokatwa lakini haijashonwa, sare, na nyuzi za mshono wa muda zilining'inia.

Wembe aliitazama ile sketi, na ndani yake neno lilipanda mpaka kwenye meno. *Twende.* Alilitaka. Aliitaka ile sketi ifumuliwe. Alitaka Pacha wake, aliyelala naye kitanda kimoja tangu hawajui kusema, akose kama yeye, akae chini kama yeye. Alilitaka kwa nguvu iliyomtisha, kwa maana hakujua kwamba mtu kama huyo alikuwa akiishi ndani mwake. Kutoka ofisini mpaka hapa alidhani amekwisha kushtuka, kumbe bado.

Alimwona Pacha anamwona. Watu waliokua pamoja hawafichani. Pacha aliishusha sketi taratibu nyuma ya mgongo.

Mama aliinuka, akajipangusa vumbi.

"Ulimnyonyesha huyu," alimwambia fundi. "Maziwa yako yamo kwenye mifupa yake. Siwezi kukushtaki." Akavuta pumzi. "Lakini chumvi usije kuomba kwangu tena. Wala moto."

*

Baba aliambiwa. Alikwenda kwenye udongo wake, akafyatua matofali mpaka giza likamzuia kuona kalibu. Asubuhi iliyofuata walikuta matofali yote ya siku ile yamepinda.

Siku zilipita. Wembe alianza kumsaidia, akibeba maji ya kukandia. Mikono ilipasuka, ikapona, ikapasuka. Watu waliopita njiani walimwambia pole, wengine wakaongeza, "Lakini na nyinyi jamani, viti sita!" wakacheka kidogo. Hadithi ilikuwa imeshaenea. Mwuza duka wa njia panda alianza kumwita mama "tajiri". "Karibu tajiri, leo tukupe robo ya sukari au gunia?" Mama alichukua sukari yake na kuondoka. Hata sauti ya kumjibu hakuwa nayo, na hilo ndilo lililomtisha Wembe, kwa sababu mama yake hakuwahi kukosa jibu maishani.

Sanduku lilibaki katikati ya chumba. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulirudisha chini ya kitanda. Lilikuwa halina kitambaa tena, jina jekundu liko wazi, na usiku wakiamka wanaligonga kwa vidole vya miguu.

Jumapili, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, mtu alipiga hodi kwa sauti ndogo. Mama alikuwa anapepeta, baba anatia ndoo kiraka. Alikuwa Pacha. Alikuwa amesukwa nywele, na amevaa viatu. Wembe hakuwahi kumwona na viatu; alitembea kama anakanyaga mayai.

"Shikamooni."

"Marahaba," baba alisema. Mama hakuitikia.

"Mama amesema..." Pacha alianza. Akameza mate. "Barua inasema kila mwanafunzi aje na sanduku lenye kufuli. Mfuko hautoi sanduku. Fundi bati anasema mpaka wiki ijayo. Bila sanduku wanarudisha mtu getini." Alisema yote kwa pumzi moja, macho chini. "Mama amesema niseme kwamba hana uso wa kuja mwenyewe. Kwamba ni kuazima tu. Likizo nitalirudisha."

Ungo ulisimama mkononi mwa mama. Punje chache zilidondoka.

"Mwambie mama yako," mama alisema, akasimama wima, "mwambie mama yako kwamba..."

Walisubiri wote. Kuku alipita katikati yao. Mama alikuwa ametazama mbali, kule nyuma ya tanuri, kwenye njia ile aliyokwenda mwenyewe asubuhi moja kuomba viti, akapewa kabla hajamaliza kuomba, akaongezewa saa. Aliketi tena, akaendelea kupepeta ungo ambao haukuwa na makapi tena.

Wembe aliingia ndani. Alifungua kufuli, akatoa vilivyokuwamo: daftari mbili, kanga ya zamani ya mama, sabuni kipande, na cheti chake kwenye karatasi ya plastiki. Akaviweka kitandani. Akalibeba sanduku mpaka nje. Halikuwa zito. Lilikuwa zito zaidi siku lilipokuwa meza.

Pacha aliliona jina.

"Nitalifuta," alisema haraka. "Nitalisugua na mchanga."

"Rangi ya mafuta hiyo. Haitoki."

"Basi nitawaambia ni jina la pacha wangu."

Wembe alitaka kumjibu, jambo baya au jambo zuri, hata yeye hakujua. Akachukua kata ya majani, akamwekea mwenzake kichwani, wakainua pamoja, mmoja huku mmoja huku, kama walivyoinua viti, akamtwika. Pacha alijishikilia kwa mkono mmoja. Kwa ule mwingine alimshika Wembe kidole, akakibana, akakiachia. Kisha akaondoka na viatu vyake vinavyomlemea, akazunguka tanuri, na jina la Wembe likaenda juu ya kichwa chake, jekundu, likionekana mbali kuliko yeye.

Baba aliweka ndoo chini, akaenda nyuma ya nyumba.

Wembe aliporudi ndani alimkuta mama amesimama katikati ya chumba. Pale sanduku lilipokuwa, sakafu ilikuwa na mraba safi usiokanyagwa. Hapakuwa na meza, wala kiti, wala saa. Palikuwa na kitanda cha kamba na mafiga matatu, kama ilivyokuwa siku zote. Mama alikuwa anazungusha macho ukuta kwa ukuta, polepole, kama mtu anayekagua, na kidole chake gumba kilikuwa kinasugua kile cha shahada, kinasugua, kana kwamba wino bado upo.

"Sasa waje," alisema. "Waje sasa hivi na karatasi zao."

Wembe alichukua ufagio akaanza kufagia. Alipofika kwenye ule mraba akauzunguka.